“Nataka Fedha, Nataka Kuondoka Kigoma”: Je, Hizo Ni Sababu za Kusomea Biashara?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 22, nakaa Mwanga hapa Kigoma. Nilimaliza kidato cha sita mchepuo wa HGE (historia, jiografia na uchumi) nikapata daraja la pili, halafu nikabaki nyumbani kwa sababu ya ada. Mama yangu ananunua dagaa wabichi Kibirizi, anaanika, anawauzia wanunuzi wa Dar es Salaam. Mimi ndiye ninayemwandikia madeni kwenye daftari. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa uvuvi tulikula mtaji, tukaanza upya kwa mkopo wa kikoba. Sasa mjomba wangu aliyeko Dar amekubali kunilipia mwaka wa kwanza wa Shahada ya Uongozi wa Biashara, ila kasema nimwandikie kwanza ukurasa mmoja: kwa nini nataka kusoma biashara. Niliandika “ili nichangie maendeleo ya taifa langu”, nikauchana. Ukweli ni huu. Nataka fedha. Nataka kuondoka Kigoma. Rafiki zangu wote wako vyuoni, mimi nanuka dagaa. Nimechoka kuona wanunuzi wanamdharau mama. Na biashara yenyewe nimeichagua kwa kuwa hesabu za sayansi zilinishinda. Naona aibu hata kuziandika hapa. Je, hizi ni sababu za mtu kwenda chuo? Na mjomba nimwandikie nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu.

Ulifanya vizuri kuuchana ule ukurasa. Miaka niliyofundisha uhasibu nimesoma kurasa za namna hiyo hadi nikawa najua sentensi ya pili kabla sijamaliza ya kwanza: maendeleo ya taifa, soko la ajira, ulimwengu wa utandawazi, tangu utotoni nilikuwa na ndoto. Si kwamba wanafunzi wale walikuwa waongo. Walikuwa wanaandika kile walichodhani mkubwa anataka kukisikia, na mkubwa anayesoma habaki na lolote la kumjua mwandishi. Wewe umeniandikia sababu tano za kweli, na kila moja naweza kuigeuza nikauliza: shahada inailipa hii, au hailipi? Ipo inayolipwa, ipo inayolipwa nusu, na ipo moja ambayo chuo hakina habari nayo kabisa.

Tuanze na fedha, kwa sababu hiyo ndiyo uliyoitaja mwanzo na ndiyo inayokuaibisha zaidi. Usione haya. Hakuna mtu Kibirizi anayeamka saa kumi alfajiri kusubiri vipe, vyombo vya kuvulia dagaa, virudi kwa kuwa anapenda upepo wa ziwa. Ila “fedha” ni neno pana, na lazima useme ni fedha ya namna gani: ya mshahara au ya biashara. Ni njia mbili, na shahada inazitendea tofauti sana.

Kama ni mshahara, shahada ni geti. Bila cheti jina lako halifiki mezani. Nafasi za Afisa Biashara wa halmashauri, mhasibu, afisa ugavi, mkaguzi wa ndani, zote zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira zikiwa na sifa ya elimu imeandikwa pale juu, na mwenye kidato cha sita hata uwezo awe nao kiasi gani haombi. Lakini getini kuna foleni. Wanaoomba nafasi moja ni wengi mno, usaili wa mchujo wa kuandika unawapunguza, kisha unakuja wa ana kwa ana. Na hapa nina maoni ambayo mjomba wako huenda asiyapende: kama lengo ni mshahara, Uongozi wa Biashara si chaguo langu la kwanza kwako. Kozi hiyo ni pana. Utagusa masoko, utagusa rasilimali watu, utagusa fedha, utagusa sheria, na mwisho utatoka ukiwa na kidogo cha kila kitu, sawa na maelfu ya wenzako. Uhasibu una ngazi inayoonekana baada ya shahada. Kuna NBAA, yaani Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, mitihani yake inafanyika Mei na Novemba, na mwenye CPA, cheti chake cha juu cha uhasibu, anajulikana ni nani popote aendapo. Ununuzi na ugavi nao una bodi yake, PSPTB. Mwenye shahada ya uongozi wa biashara naye anaweza kuzipanda ngazi hizo, ila mara nyingi anaanzia chini zaidi ya yule aliyesoma uhasibu moja kwa moja.

Nasema hivi pia kwa sababu ya kitu kimoja ulichokitaja kwa kupita tu kwenye barua yako, nami nitakirudia huko mbele: daftari.

Kama ni fedha ya biashara, basi nikwambie bila kuzunguka: shahada haitoi mtaji. Miaka mitatu utakayokaa darasani ni miaka mitatu ambayo mwenzako anazungusha magunia, anajuana na wavuvi, anakopesheka. Mkimaliza, yeye anaweza kuwa na chombo chake na wewe una joho la kukodi. Nimewaona wahitimu wa biashara wakirudi hapa Kigoma na kushindwa kuendesha duka la rejareja, na nimemwona mama asiyejua kusoma akipeleka mzigo wa mawese Tabora kila wiki bila kupata hasara. Shahada inachofanya kwa mfanyabiashara ni kumwonyesha anachopoteza bila kujua. Ni faida kubwa, lakini inamsaidia mtu ambaye tayari ana biashara ya kuitazama, na bahati yako ni kwamba wewe unayo.

Hizo za rafiki zako kuwa vyuoni na wewe kunuka dagaa, nitazipita haraka. Ni maumivu ya kweli, nayajua, lakini hiyo ndiyo sababu niliyosema chuo hakina habari nayo. Itakutoa nyumbani ukiwa na begi, itakufikisha wiki ya mapokezi, na ikifika mtihani wa kati wa muhula wa kwanza haitakuwepo tena. Usimwandikie mjomba hiyo. Usiitegemee hata wewe mwenyewe.

Ile ya hesabu nakusahihisha. Anayekimbilia biashara kwa kuogopa hesabu anakuta zimemtangulia. Mwaka wa kwanza, karibu chuo chochote utakachokwenda, utakutana na hisabati ya biashara, takwimu, uchumi na uhasibu wa fedha. Hakuna kemia, hakuna fizikia, ni kweli, lakini utakokotoa riba, utatafuta wastani, utachora mstari wa gharama na mstari wa mapato uone vinakutana wapi. Umesoma HGE, kwa hiyo BAM, ile hisabati ya msingi ya kidato cha tano na sita, umeipitia na uchumi si mgeni. Kisha angalia unachofanya kila siku: mtu amechukua gunia nne, kalipa mbili, ya tatu kalipa nusu, ya nne kasema bei imeshuka anaomba apunguziwe. Unamjibu palepale anadaiwa kiasi gani. Hizo ni hesabu. Zilizokushinda zilikuwa za aina nyingine, na pengine zilifundishwa na mwalimu mwenye haraka. Ila kabla ya kuomba, fungua mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, usome masharti ya kila kozi moja moja. Kiwango cha jumla kwa wa kidato cha sita ni principal mbili, yaani ufaulu wa masomo makuu mawili, zenye jumla ya alama 4, maana yake hata D mbili zinakufikisha, na wewe wa daraja la pili umepita hapo. Lakini baadhi ya kozi zinadai pia ufaulu wa hisabati, wa kidato cha nne au wa BAM, na hapo ndipo watu hukwama wakilia kwamba mfumo umewakataa.

Sasa kuondoka Kigoma.

Nina jaribio moja dogo kwako. Taasisi ya Uhasibu Tanzania, TIA, ina kampasi hapahapa Kigoma. Chuo Kikuu Huria nacho kina kituo chake mkoani, na mtu anasoma huku akifanya kazi. Tuseme kesho unapata nafasi ya kusomea Kigoma, unalala kwa mama, unakula ugali wa muhogo na migebuka ya nyumbani, na fedha ya mjomba inatosha ada na zaidi. Unaikubali? Usinijibu mimi. Kama moyo umesema ndiyo, basi kuondoka hakukuwa sababu, ilikuwa hasira ya siku mbaya. Kama umesema hapana hata kwa bei hiyo, basi kuondoka ni sababu yako ya kweli, na ni halali. Mtu wa miaka 22 kutaka kuona kwingine si dhambi. Ila ijue bei yake: chumba, nauli, chakula, fedha ya kuchapisha kazi, fedha ya kuishi wakati wa mafunzo kwa vitendo. Ada ya kozi za biashara kwenye vyuo vya umma mara nyingi iko kati ya shilingi milioni moja na milioni moja na nusu kwa mwaka, na kuishi Dar kunaweza kuipita ada hiyo bila hata kufanya anasa.

Na kuna namna ya kuondoka ambayo mimi ningeipenda kwako. Watu husema Kigoma ni mwisho wa reli. Ni mwisho kwa anayetoka Dar. Kwa anayetoka Kalemie au Bujumbura na mzigo wake, hapa ndipo reli inapoanzia, na imekuwa hivyo tangu reli ya kati ilipofika ziwani mwaka 1914. Mkataba wa kujenga kipande cha SGR, reli mpya ya kisasa, cha Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022. Sikwambii usubiri treni. Nakwambia tu kwamba biashara ya mama yako ina ncha mbili, Kibirizi na Kariakoo, na wewe umeiona moja. Ukisoma Dar, au hata Morogoro pale Mzumbe, utaiona ya pili: dagaa wale wale wanauzwa shilingi ngapi kwa kilo rejareja, nani anawafungasha, nani anawachanganya na wa ziwa jingine, nani analipa kwa wakati. Hilo halifundishwi darasani. Linapatikana Jumamosi, kwa miguu, ukiwa mwanafunzi usiye na fedha ya kwenda kwingine.

Hapo tunaingia kwenye sababu yako ya nne, nami naona hiyo ndiyo iliyokufanya uandike barua hii, hata kama umeiweka karibu na mwisho. Wanunuzi wanamdharau mama.

Hebu tuitazame dharau hiyo kwa karibu, maana nimekaa pale kwenye chanja na wanawake wa biashara hiyo nikiwasaidia hesabu zao. Mnunuzi anafika na simu mkononi. Anainua kiganja cha dagaa, ananusa, anasema hawa hawajakauka vizuri, hawa wana mchanga. Anataja bei. Mama anataja yake. Mnunuzi anapiga simu, anaongea kwa sauti, anasema “huku wananiambia bei hiyo hapana”, anakata. Mama hajui aliyepigiwa ni nani, wala kama kulikuwa na mtu upande wa pili. Mawingu yanakusanyika upande wa Congo, na dagaa wakinyeshewa wanabadilika rangi na bei inaanguka zaidi. Anakubali. Kisha mnunuzi anasema nusu nakupa sasa, nusu nikifika Dar nitakurushia.

Hapo watu wengi wanaona tatizo ni elimu: mama hana cheti, ndiyo maana anadharauliwa. Mimi sioni hivyo. Mnunuzi hamdharau mama kwa sababu hana shahada. Anamdharau kwa sababu anajua mama hawezi kusubiri, hajui bei ya huko, na hana mnunuzi mwingine wa kumtisha naye. Ukirudi na shahada ukaiweka kwenye fremu sebuleni, hali ya pale kwenye chanja haitabadilika hata kidogo. Ukirudi na mambo hayo matatu, yaani uwezo wa kusubiri, bei ya huko na mnunuzi wa pili, mnunuzi atakusalimia kwa adabu hata kama shahada hukumaliza.

Na uwezo wa kusubiri unatoka wapi? Kwenye daftari lako. Nikupe mfano, na tarakimu ni za kubuni, weka zako. Tuseme mama ana mtaji wa 1,200,000. Ananunua dagaa wabichi wa 1,000,000. Vibarua wa kuanika, magunia, usafiri na ushuru vinakula 110,000. Mfukoni amebakiwa na 90,000. Mzigo ukikauka anauza kwa 1,300,000. Ukimuuliza amepata nini, atakwambia laki tatu. Wewe ukitoa na gharama utasema 190,000. Wote wawili mnasema faida ipo, na ni kweli ipo. Lakini mnunuzi katoa 800,000 tu, 500,000 kasema atarusha, na anairusha baada ya mwezi na nusu, kwa mafungu. Kwa hiyo leo jioni mama ana 890,000. Alianza na 1,200,000, amefanya biashara yenye faida, na ana upungufu wa 310,000 wa kuingia nao mzunguko unaofuata. Atanunua mzigo mdogo. Au ataenda kikobani kukopa, na riba itaila ile 190,000. Mwaka mzima atakuwa anauza kwa faida huku mtaji unanyauka, na hatajua kwa nini. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Mama yako daftari analo, ila lina madeni tu. Halina tarehe ya kulipwa, halina gharama, halina mbalamwezi.

Ndiyo, mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti, vyombo vinapumzika, na nyumba inakula bila kuingiza. Hilo linajulikana na kila mtoto wa Kibirizi, lakini sijawahi kuliona kwenye daftari la mtu. Ukiweka kalenda ya mwezi pembeni ya safu ya madeni, unajua mapema wiki ambazo fedha haitaingia, na unajua ni deni lipi lazima lilipwe kabla ya wiki hizo. Chuoni somo hilo lina jina, usimamizi wa mtaji wa mzunguko, na watakufundisha kwa mfano wa kiwanda cha viatu ambacho hujawahi kukiona. Utavumilia. Badilisha viatu viwe dagaa.

Na 2024, je? Serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Unasema mlikula mtaji, na hamkuwa peke yenu. Lakini nenda kamuulize mama maswali mawili kabla hujasafiri. Kufikia Mei, nje kulikuwa na madeni kiasi gani ambayo hayajalipwa? Na je, alikuwa na dagaa wakavu waliohifadhiwa vizuri, wa kuuza bei ilipopanda ziwa likiwa limefungwa? Nadhani najua majibu. Kama zile fedha za nje zingekuwa zimekusanywa Aprili na nusu yake ikawekwa kwenye mzigo mkavu stoo, ile miezi mitatu isingekula mtaji wote. Pengine ingeula kidogo, pengine mngetoka hata na faida. Hilo ndilo jambo la kusomea biashara, mwanangu: kuliona la Mei ukiwa bado Februari. Mtu akiniambia anataka shahada ya biashara kwa sababu amewahi kuona mtaji wa nyumba yao ukiliwa kwa miezi mitatu na anataka kujua ulikwendaje, huyo simuulizi swali la pili.

Kuna mengine ambayo hayahitaji shahada wala kusubiri barua ya chuo. Jina la biashara linasajiliwa BRELA, TIN inatolewa na TRA, na SIDO huwaandikia wajasiriamali wadogo barua ya kuwatambulisha TBS ili wapate alama ya ubora. Dagaa waliofungwa kwenye pakiti safi yenye alama hawauzwi kwa mnunuzi mmoja mwenye simu. Halmashauri nayo ina ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 kwa ajili ya kurekebisha utaratibu, kisha ikarejeshwa. Hukopeshwi peke yako isipokuwa kwa masharti maalumu, mnaomba kama kikundi, na kikoba cha mama tayari ni kikundi. Nenda ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata mkaulize. Sikutajii haya ili usiende chuo. Nataka ukienda, uende kwa yale ambayo chuo kinayo.

Sasa kuhusu mjomba. Amekubali kulipa mwaka wa kwanza, na wewe hukuandika mwaka wa pili analipa nani. Shahada hizi ni za miaka mitatu. Nimewaona vijana wengi wakirudi nyumbani baada ya mwaka mmoja, si kwa kufeli, ila kwa sababu mfadhili alikuwa na nia njema na mfuko mfupi. Kwenye ukurasa wako muulize kwa adabu, lakini muulize. Na hata akisema atalipa yote, omba mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo, mwaka huuhuu, dirisha likifunguliwa. Usiseme nitaomba mwaka wa pili mambo yakiharibika, kwa sababu wa mwaka wa pili anaanza akiwa nyuma. Ujue lakini kwamba lile ni deni: ukiajiriwa, mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi kila mwezi hadi liishe. Mshahara wa 700,000 unatoka 105,000 kabla hujaona kitu. Liingize kwenye hesabu ya ile “nataka fedha” yako tangu sasa.

Mjomba naye ana sababu zake, na hakuna ubaya. Wapo wanaolipia mtoto wa dada kwa upendo, wapo wanaotaka mtu wa kuwashikia duka, wapo wanaotaka kusikika ukoo mzima. Nadhani anapokuomba ukurasa anataka kujua kama fedha yake inakwenda kwa mtu anayejua anachokitaka. Kwa hiyo usimwandikie kama unamwandikia waziri. Anza na daftari. Kama ingekuwa mimi, ningeanza hivi:

“Shikamoo mjomba. Mimi ndiye ninayemwandikia mama madeni ya dagaa. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa tulikuwa na watu wanaotudai na watu tunaowadai, na nilipojaribu kujumlisha sikuweza kujua kama tulikuwa na faida au hasara. Nataka kusoma ili niweze. Sitaficha kwamba nataka pia kazi yenye mshahara, na kwamba nataka kuishi nje ya Kigoma kwa muda. Ningependa kusoma Uhasibu kuliko Uongozi wa Biashara, na sababu yangu ni hii…”

Sababu hiyo utaijaza mwenyewe, kama umekubaliana nami. Kama hukukubaliana, andika Uongozi wa Biashara na ueleze kwa nini, mradi uwe umekaa na mwongozo wa kozi ukalinganisha masomo ya mwaka wa pili na wa tatu, maana wa kwanza yanafanana. Chini weka mpango wa fedha: mwaka wa kwanza mjomba, wa pili na wa tatu mkopo, na mama atatoa nini, hata kama ni nauli tu. Nusu ukurasa inatosha kwa sababu, nusu kwa mpango.

Umeniuliza kama uende. Nenda. Una biashara ya kuitazama na una hasira yenye anwani, na wengi niliowafundisha hawakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Ila daftari usiondoke nalo wala usiliache likafa. Tafuta mdogo wako au binti wa jirani anayejua kuandika, mfundishe safu nne: nani, kiasi gani, lini atalipa, gharama za mzigo huo. Mwambie akutumie picha kila Jumapili kwa simu. Ukiwa darasani mnajifunza taarifa ya mtiririko wa fedha, utakuwa na ya kwako ya kufanyia mazoezi, na mama atakuwa na mtu anayemwambia asimkopeshe tena yule wa Dar mpaka alipe la kwanza.

La haraka wiki hii ni vyeti. Cheti cha kuzaliwa kikahakikiwe RITA, kwani maombi ya mkopo hayapokelewi bila hivyo, na angalia jina lako limeandikwa sawa kwenye cheti hicho na kwenye vyeti vya NECTA, herufi kwa herufi. Namba ya NIDA kama huna, anza leo. Wewe ni mtu wa mkoa wa mpakani, unajua maswali yanavyokuwa mengi na majibu yanavyochelewa.